Bustani ya Ufukoni: Tuulizane Kabla ya Kujenga

Maneno ya kujifunza

Soma maneno haya kwa sauti. Kisha yaandike katika daftari lako.

Ufuko: nchi kavu iliyo kando ya bahari, ziwa au mto.
Mchoro: picha ya mahali inayoonyesha kitu gani kitajengwa wapi.
Ukanda: sehemu ndefu na nyembamba ya ardhi.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyosemwa na kuamuliwa mkutanoni.
Kuafiki: kukubali.

Ufuko ni wa nani?

Ndugu mwanakisomo, huenda kijiji chako kiko kando ya ziwa au bahari. Kama ndivyo, ufuko unaujua vizuri. Umechota maji hapo. Umenunua samaki hapo. Labda ulijifunza kuogelea hapo ulipokuwa mtoto.

Ufuko hauna mlango wala kufuli. Kila mtu huutumia. Lakini kitu kinachotumiwa na kila mtu mara nyingi hakitunzwi na mtu yeyote. Taka hutupwa. Miti hukatwa kwa kuni. Udongo huchukuliwa na mvua. Siku moja anakuja mtu mwenye fedha, anazungushia ua, na watu wanashangaa kuona njia ya kwenda majini imefungwa.

Kwa sababu hiyo vijiji na miji mingi hupenda kufanya bustani ya ufukoni. Bustani ya namna hii ni mahali pa wote. Ina miti ya kivuli, viti, choo, njia ya kwenda majini, mahali pa watoto kucheza na mahali pa kuuzia chakula. Ikipangwa vizuri, huulinda ufuko na huleta kipato. Ikipangwa vibaya, huwafukuza watu walewale ambao ufuko ndio shamba lao.

Somo hili litakuonyesha namna ya kupanga pamoja. Pia litakuonyesha kwamba wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una kazi kubwa katika jambo hili.

Bustani ya Forodhani

Kabla ya kupanga bustani yetu, tuitazame bustani moja ambayo watu wameitumia kwa miaka mingi.

Mjini Zanzibar, katika Mji Mkongwe, kuna bustani iitwayo Forodhani. Mbele yake ni bahari. Nyuma yake ni Ngome Kongwe na jumba la Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Jina Forodhani latokana na neno forodha, yaani mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia na kutoka bandarini. Mwaka 1936 mahali hapo palifanywa bustani kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub.

Miaka ilipita, bustani ikachakaa. Kati ya mwaka 2008 na 2009 ilitengenezwa upya. Kazi hiyo ilifanywa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kwa makubaliano na Serikali ya Zanzibar. Taa ziliwekwa. Mifereji na njia zilitengenezwa. Watoto walipata mahali pa kuchezea. Wauza chakula walipata mahali pao. Mwezi Julai 2009 bustani ilifunguliwa tena.

Sasa angalia jambo moja. Ukienda Forodhani asubuhi, utaona watu wachache wamekaa chini ya miti. Maji yakijaa, utaona vijana wanaruka kutoka ukutani na kupiga mbizi baharini. Jua likianza kutua, mahali hapo hubadilika kabisa. Wauza chakula hupanga meza na kuwasha moto. Huuza mishikaki, pweza, ngisi, urojo, muhogo na maji ya miwa. Wenyeji na wageni hujaa mpaka usiku.

Je, kama mchoraji angefika hapo asubuhi tu, angeona nini? Angeona majani na viti. Angesema, "Hapa pana nafasi, tupande maua." Asingeona soko la usiku. Asingejua kwamba karo ya watoto wengi inatoka katika moto ule wa jioni.

Basi hili ndilo funzo la Forodhani: mahali pamoja pana watu wengi, lakini hawaji saa moja. Anayetaka kupanga ufuko lazima ajue nani huja saa ngapi.

Mfano wa kijiji

Tuseme kijiji chako kiko kando ya Ziwa Victoria. Wataalamu wanakuja na mchoro mzuri wa bustani. Mchoro unabandikwa ukutani. Una rangi ya kijani na rangi ya buluu. Mwenyekiti anawaita wananchi mkutanoni. Kila mtu anausifu.

Kisha mama mmoja anasimama nyuma. Anauliza, "Ndugu Mwenyekiti, hapo penye maua ndipo tunapoanika dagaa. Sasa tutaanika wapi?"

Mtaalamu anashangaa. Alifika ufukoni mara mbili, na mara zote aliona mchanga mtupu. Anadhani mama amekosea.

Mama hakukosea. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Taa huwavuta dagaa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haifanyi kazi vizuri, na wavuvi hupumzika. Mtaalamu alikuja siku za mbalamwezi. Siku hizo hakuna dagaa wa kuanika. Angekuja siku za giza, angekosa hata mahali pa kukanyaga.

Mtaalamu huyu si mtu mbaya. Elimu anayo. Lakini elimu yake haikumwambia habari za mwezi na dagaa. Habari hizo anazo yule mama. Mchoro mzuri unahitaji elimu zote mbili.

Mkutano unakwisha. Wiki mbili baadaye muhtasari unabandikwa ofisini. Umeandikwa hivi: "Wananchi waliupokea mchoro kwa furaha, wakauafiki." Neno la yule mama halimo.

Ndugu mwanakisomo, fikiri vizuri hapa. Mama alisema. Watu walisikia. Lakini mwaka ukipita, wenye kukumbuka ni wachache, na karatasi ndiyo itakayosema. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno nalo ni hivyo hivyo.

Tutarudi kwa mama huyu baadaye. Kwanza tujifunze hatua za kupanga.

Hatua ya kwanza: andika daftari la ufuko

Chukua daftari. Piga mistari upate safu tatu. Safu ya kwanza andika saa. Safu ya pili andika nani. Safu ya tatu andika anafanya nini. Kwa mfano:

Saa 12 asubuhi: wavuvi, wanashusha samaki.
Saa 2 asubuhi: kina mama, wanaanika dagaa.
Saa 4 asubuhi: watoto na kina mama, wanachota maji na kufua.
Saa 8 mchana: wachungaji, wananywesha ng'ombe.
Saa 9 mchana: mafundi, wanatengeneza mitumbwi.
Saa 11 jioni: vijana, wanacheza mpira.
Saa 1 usiku: wavuvi wa dagaa, wanaondoka na taa zao.

Usiandike siku moja tu. Andika mwezi mzima, siku za giza na siku za mbalamwezi. Kama unakaa pwani, andika siku za bamvua na siku za maji mafu, kwa maana ufuko wa bamvua si ufuko wa maji mafu. Andika pia siku ya gulio.

Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Darasa lenu la kisomo laweza kugawana saa. Mwezi ukiisha, mtakuwa na kitu ambacho mtaalamu wa mjini hana.

Hatua ya pili: uliza kila kundi mahali pake

Mkutano ni mzuri, lakini si wote husema mkutanoni. Wengine huona haya. Wengine wako kazini. Mvuvi aliyekesha ziwani amelala saa 4 asubuhi. Mama mwenye mtoto mchanga hukaa nyuma asisikie. Mlemavu asiyeweza kutembea mbali hafiki kabisa.

Kwa hiyo wafuate. Zungumza na wavuvi wanapotengeneza nyavu. Zungumza na kina mama wanapogeuza dagaa. Zungumza na vijana baada ya mpira. Waulize maswali haya manne:

1. Unatumia sehemu gani ya ufuko?
2. Kitu gani kisiondolewe?
3. Kitu gani kinakusumbua?
4. Ungependa kuona nini kipya?

Andika majibu kama walivyosema. Usiyapambe. Mtu akisema, "Naogopa kupita hapo usiku kwa sababu ni giza," andika hivyo hivyo. Hapo umekwisha kujua mahali pa kuweka taa.

Waulize wazee kwa namna ya pekee. Waombe wakuonyeshe maji yaliwahi kufika wapi. Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 1964. Kipimo cha maji kilichoko Jinja, Uganda, kilionyesha mita 13.41. Watu wengi waliozaliwa baadaye hawakuamini kwamba ziwa laweza kupanda hivyo. Mwezi Mei 2020 kipimo kilifika mita 13.42. Nyumba, mashamba na vibanda vilivyokuwa karibu na maji viliingiliwa na ziwa katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Mzee anayesema, "Maji yalifika kwenye mti ule," anakupa habari yenye thamani kubwa. Weka jiwe hapo. Usijenge choo wala duka chini ya jiwe hilo.

Hatua ya tatu: chora ramani chini

Si kila mtu anaweza kusoma mchoro wa karatasi. Lakini kila mtu anaweza kusoma ufuko wake. Tafuteni uwanja. Choreni ramani chini kwa kijiti. Majivu yawe maji. Mawe yawe nyumba. Majani yawe miti. Vijiti viwe njia.

Kisha kila kundi liweke alama yake. Kina mama waweke maganda ya muhogo panapoanikwa dagaa. Wavuvi waweke vipande vya nyavu panapoegeshwa mitumbwi. Wachungaji waweke kokoto pa kunyweshea ng'ombe. Alama mbili zikikutana, hapo pana jambo la kuzungumza. Ng'ombe wasinywe mahali pa watoto kuogea. Kama mpira unachezwa pa kuanikia dagaa, asubuhi yaweza kuwa ya dagaa na jioni ya mpira.

Mkikubaliana, mmoja aihamishe ramani hiyo kwenye karatasi. Mwoneshe mtaalamu. Sasa aanze kuchora.

Hatua ya nne: jua sheria

Kwa Tanzania Bara, kumbuka mambo matatu.

Jambo la kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na shughuli zinazoweza kuharibu ufuko, katika ukanda wa mita 60 kutoka majini. Kwa hiyo ukanda huo ni wa miti, majani na njia. Si wa majengo ya saruji. Msikate matete yote ya ziwani wala mikoko ya baharini, kwa kuwa samaki wengi huzaliana na kukulia humo. Kabla ya kujenga chochote, mwoneni ofisa wa mazingira wa wilaya.

Jambo la pili. Kama ufuko uko katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenyekiti peke yake hawezi kumpa mtu ufuko.

Jambo la tatu. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mwanamke na mwanamume wana haki sawa ya kusema. Aliyesoma na asiyesoma pia wana haki sawa.

Hatua ya tano: andika makubaliano ya wakati wa ujenzi

Hapa ndipo watu wengi huumia. Ujenzi ukianza, ufuko hufungwa. Muuza samaki huambiwa, "Ondoka kwa muda." Muda huo unaweza kuwa mwezi mmoja au mwaka mzima. Wateja hutawanyika. Bustani ikifunguliwa, meza yake imekwisha kupewa mtu mwingine.

Basi kabla ya jiwe la kwanza kuletwa, andikeni mambo haya:

Majina ya wote wanaofanya kazi ufukoni sasa.
Mahali watakapofanyia kazi wakati wa ujenzi.
Tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.
Ahadi kwamba waliotajwa ndio watakaorudi kwanza.
Ushuru watakaolipa, na matumizi ya ushuru huo.

Andikeni pia nani atafagia, nani atachoma au kufukia taka, na nani atasafisha choo. Choo kiwe mbali na maji. Uchafu wa binadamu ukiingia ziwani huleta kipindupindu na kichocho. Bustani isiyo na mfagiaji itageuka jalala kabla ya miaka miwili.

Turudi kwa yule mama

Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwanzoni mwa mkutano, muhtasari wa mkutano uliopita husomwa. Kisha mwenyekiti huuliza kama umeandikwa sawasawa.

Mara nyingi watu husema "Ndiyo" kwa haraka ili waendelee. Wewe usiharakishe. Kama umesoma muhtasari ofisini, unajua kilichokosekana. Inua mkono. Sema kwa adabu: "Ndugu Mwenyekiti, naomba muhtasari urekebishwe. Mama yetu aliuliza dagaa wataanikwa wapi. Swali lake halikuandikwa, na jibu halikutolewa. Naomba vyote viwili viandikwe."

Maneno hayo ni machache. Lakini yakiandikwa, mchoro utabadilika. Maua yatasogezwa. Vichanja vya kuanikia dagaa vitapata mahali pake. Yule mama hatahitaji kupigana na askari wa bustani kila asubuhi.

Zamani ulipokuwa hujui kusoma, karatasi ya ukutani ilikuwa kama mlango uliofungwa. Sasa unaweza kuufungua. Usiufungue kwa ajili yako peke yako. Msomee jirani yako ambaye hajui kusoma. Mwulize, "Neno lako limo?" Kama halimo, mkalidai pamoja.

Maswali

1. Jina Forodhani latokana na neno gani?
2. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa tena mwaka gani baada ya kutengenezwa?
3. Kwa nini mtaalamu aliona mchanga mtupu mahali pa kuanikia dagaa?
4. Ni nani anayetoa kibali kabla ardhi ya kijiji haijagawiwa?
5. Taja makundi matatu ambayo ni vigumu kusikika mkutanoni.

Hesabu

1. Hatua moja ya mtu mzima ni sentimita 75. Atatembea hatua ngapi kupata mita 60? (Kumbuka: mita 1 ni sentimita 100.)
2. Choo kimejengwa hatua 52 kutoka majini. Je, kimo ndani ya ukanda wa mita 60? Kimebakiza mita ngapi kuufikia mwisho wa ukanda?
3. Wauza samaki 18 wanalipa ushuru wa shilingi 200 kila mmoja kwa siku. Kwa siku 6 kijiji kitapata shilingi ngapi?

Mazungumzo ya darasa

Je, katika kijiji chenu kuna njia ya kwenda majini iliyofungwa? Nani aliifunga? Je, mkutano uliafiki? Muhtasari wake unasema nini?

Kazi ya kufanya

Nenda ufukoni, au kisimani kama kijiji chako hakina ufuko. Kaa saa moja. Andika katika safu tatu: saa, nani, anafanya nini. Lete daftari lako darasani. Linganisha na la mwenzako aliyekwenda saa nyingine. Angalia ni watu gani yeye aliwaona ambao wewe hukuwaona.